Nimemfuata Lord Salisbury mpaka kwao Hatfield

Jumatano, London

Nimefikia kwa shangazi Walthamstow, jana nimelala kama gogo, asubuhi nikamwambia mdogo wangu (mtoto wa shangazi, yeye kazaliwa hukuhuku) kwamba mimi sikuja kupanda lile gurudumu la mtoni wala kupiga picha na saa kubwa, nataka kumfuata mzee mmoja. Akauliza mzee gani dada, nikamwambia Lord Salisbury. Akacheka. Anasema skuli walimgusa mara moja tu akapita.

Sasa sisi tuliosomea Unguja kile kisa cha tarehe 27 Agosti 1896 tunakijua vizuri, vita vya dakika 38 au 40 hivi, Sayyid Khalid bin Barghash kajitangaza Sultani bila Waingereza kukubali kajifungia kasri, balozi mdogo wa Uingereza Cave anampa muda wa mwisho, Admiral Rawson na manowari zake pale mbele ya Forodhani, saa tatu asubuhi mizinga ikaanza na watu wetu kama 500 wakafa na kujeruhiwa. Cave tunamtaja, Rawson tunamtaja. Lakini Cave alikuwa anaomba ruhusa kwa telegramu, na aliyekuwa anaombwa ruhusa ni huyu mzee, Waziri Mkuu wa Uingereza na hapohapo Waziri wa Mambo ya Nje, kofia zote mbili kichwa kimoja. Jibu lake lilikuwa kwamba chukueni hatua mnazoona zinafaa na mtaungwa mkono, ila msianze jambo ambalo hamna uhakika wa kulimaliza. Huyo ndo nataka kujua alikuwa mtu wa aina gani akirudi nyumbani kwake jioni.

Tukashuka Green Park. Mtaa wa Arlington uko hapo ubavuni mwa hoteli ya Ritz, ndo alikokuwa na nyumba ya mjini, mtaa mfupi umejaa magari ya watu wenye hela, hakuna nilichoona cha kumhusu yeye. Tukaenda kwa miguu mpaka geti la Downing Street, umati wa watalii na polisi wenye bunduki, mlango wenyewe unauchungulia kwa mbali. Watu wengi wanadhani kila waziri mkuu wa Uingereza lazima alale namba 10. Huyu alikataa. Ile nyumba kisheria ni ya mwenye cheo kimoja cha Hazina, kwa kawaida waziri mkuu anakishika yeye mwenyewe lakini Salisbury mara nyingi alimpa mtu mwingine, akamwachia na nyumba, na yeye akafanyia kazi Wizara ya Mambo ya Nje hapo jirani, jioni anapanda treni anarudi kwake Hatfield kwa mkewe. Na hicho cheo na nyumba mwisho alimpa nani? Arthur Balfour, mtoto wa dada yake. Shikilia hilo jina.

Westminster Abbey tukaingia kwa uchungu, kiingilio chake ukipiga kwa shilingi unaweza ukakaa chini. Mzee yumo, amelazwa kwa shaba juu ya jeneza la mawe na ndevu zake, ila humo hakuzikwa. Hata kuzikwa alitaka kwao.

Alhamisi, Hatfield

Leo ndo siku yenyewe. Treni ya King's Cross, ukipata ile ya haraka haifiki hata nusu saa. Ukitoka stesheni tu unavuka barabara unakutana naye, sanamu kubwa amekaa kitini na majoho, nyuma yake geti la shamba lake. Mdogo wangu kasema "Huyu kakaa kama anasubiri nauli." Nkamwambia alikuwa na urefu wa futi sita na inchi nne, halafu uzeeni akanenepa, na macho yalikuwa mabovu kiasi kwamba watu wanasimulia alishindwa kuwatambua hata mawaziri wake mwenyewe akikutana nao.

Ukiingia ndani ya geti unatembea hasa, ni mbuga. Jumba la matofali mekundu limejengwa na Robert Cecil likamalizika 1611, na huyu Cecil wa kwanza alikuwa waziri wa Malkia Elizabeth na baadae wa Mfalme James, mtu mfupi mwenye kibyongo na akili kali, ndo aliyeishughulikia ile njama ya baruti ya 1605. Baba yake, William Cecil, naye alikuwa mshauri mkuu wa Elizabeth. Kwahiyo tunapomzungumzia Salisbury wetu, aliyezaliwa humuhumu tarehe 3 Februari 1830, tunazungumzia mtu ambaye kwao wameshakaa jikoni mwa serikali miaka mia tatu. Pembeni kuna kasri la zamani alikokulia Elizabeth, na wanakuonyesha mahali ulipokuwa mti ambao eti alikuwa kakaa chini yake mwaka 1558 alipoletewa habari kwamba sasa ndiye malkia.

Ndani nimekaa sana. Kuna ukumbi wa sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, kuna picha ya Elizabeth kashika upinde wa mvua mkononi, halafu ile baraza ndefu ya juu ambayo dari lake limepakwa dhahabu, zaidi ya mita 50 kutoka huku mpaka kule. Mama anayetembeza wageni, mtu mzima mcheshi, ndo alitupa vitu ambavyo mimi nilikuwa navifuata.

Bibi yake mzee huyu, mama mzaa baba, alikuwa mtu wa kamari na farasi, anawinda mpaka uzee wa kukaribia upofu, na mwaka 1835 akiwa na miaka 85 akaungua humuhumu ndani, ubavu mzima wa magharibi wa jumba ukateketea. Inasemekana mshumaa ulishika mapambo ya nywele. Robert wetu huyu alikuwa na miaka mitano. Miaka minne baadae mama yake akafa. Mama huyo ndo aliyeleta utajiri wa Gascoyne kwenye ukoo, ndo mana jina likawa Gascoyne-Cecil. Baba alikuwa mkavu. Wakampeleka Eton, ile skuli ya watoto wa wakubwa, na huko alipigwa na kuteswa na wenzake mpaka 1845 ikabidi baba amtoe. Alipokuwa kijana mkubwa likizo ya London alikuwa anapita vichochoro ili asikutane na vijana wa Eton barabarani. Hapo nikamuonea huruma, nasema kweli, halafu nikakumbuka kasri letu likawaka moto.

Sasa sikia hii ya umeme. Mzee alikuwa anapenda sayansi kupita kiasi, alijitengenezea maabara nyumbani, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akafunga taa za umeme jumba zima wakati London yenyewe bado inawasha gesi. Waya zilikuwa wazi hazina hata ganda vizuri. Wanafamilia wamekaa kwenye ile baraza ndefu jioni, wanaona juu darini waya umeanza kuwaka moto, basi hakuna anayepiga kelele, kila mtu anachukua mto wa kiti anarusha juu mpaka moto uzime, halafu mazungumzo yanaendelea. Wageni ndo walikuwa wanakaribia kuzimia. Watu wote tukacheka. Lakini yule mama akaongeza kwa sauti ya chini kidogo kwamba mfanyakazi mmoja wa bustani alishika waya nje huko akafa palepale, mwaka 1881. Mito hiyo haikumsaidia yeye.

Uzeeni daktari alimwambia afanye mazoezi akanunua baiskeli ya magurudumu matatu, akachongewa njia ndani ya shamba, na kijana wa kazi anamsukuma kwenye mlima, wakifika kwenye mteremko kijana anarukia nyuma anamshika mabega wanashuka pamoja. Pata picha, mtu anayeongoza dola lenye robo ya dunia, joho linapepea.

Na watoto. Walizaliwa wanane, mmoja akafa mdogo. Walilelewa kwa kubishana, mezani hapo mtoto wa miaka kumi anambishia waziri mkuu na waziri mkuu anajibu kwa heshima kama anajibu balozi, mmoja wao alisema hivyohivyo kwamba baba ananifanya kama mimi ni balozi na napenda. Hakuna viboko, hakuna kelele, nguo zimechakaa, kanisani kila asubuhi kabla ya chai. Mimi nimelelewa nyumba ambayo mkubwa akiongea wewe unatazama chini, kwahiyo hii ya Hatfield imenishangaza kuliko dari la dhahabu.

Kanisa la St Etheldreda liko hapo nje tu, na ndo alipozikwa Agosti 1903. Mkewe alitangulia Novemba 1899, na wanasema baada ya hapo mzee hakuwa yule tena. Ndani ya kanisa kuna kaburi la yule Cecil wa kwanza, kalazwa juu ya jiwe jeusi limebebwa na wanawake wanne wamepiga magoti, na chini yake kuna mifupa ya mawe, yani mtu mzima kageuka mifupa, wamekuchongea uone. Mtoto wa pili wa kiume wa mzee wetu, William, alikuwa kasisi wa kanisa hilihili toka 1888 mpaka 1916 kabla hajawa askofu wa Exeter. Alikuwa na watoto wanne wa kiume, watatu wakafa vita ya kwanza ya dunia. Na ndugu yake Edward, yule aliyezingirwa na Makaburu Mafeking, Afrika Kusini, mwanawe pekee George akafa Ufaransa Septemba 1914, miaka kumi na nane. Tukatoka nje hatuongei sana.

Chai na keki pale uwani, bei ya kitalii.

Ijumaa, Walthamstow

Mvua toka alfajiri. Mdogo wangu kaenda kazini, baada ya swala nimekaa na shangazi jikoni anakaanga sambusa na mimi namsimulia.

Kilichomkamata shangazi ni ndoa. Salisbury alipotaka kuoa mwaka 1857 alimtaka Georgina Alderson, binti wa jaji, mtu mwenye heshima zake ila hana mali wala ukoo mkubwa. Baba mtu akagoma, akidhani njaa itamrudisha. Robert hakuwa mrithi, alikuwa na kaka mkubwa kipofu, kwahiyo mali zote zilikuwa za kaka. Akaoa hivyohivyo, wakaishi kwa kubana, na ili kuongeza pesa akawa anaandika magazetini bila jina, mamia ya makala, ya siasa, ya vitabu vya Kijerumani, chochote kinacholipa. Kalamu ile ilikuwa na sumu, alikuwa anawatukana hata viongozi wa chama chake. Kaka akafa 1865, baba akafa 1868, ndipo akawa Marquess wa tatu wa Salisbury, cheo cha kurithi cha ukoo, na jumba likawa lake. Shangazi kasema "Basi huyo mke ndo alikuwa waziri mkuu, mwanangu, we huoni." Inawezekana, mana kila aliyewajua anasema mwanamke alikuwa na roho ya chuma na ndiye aliyemtoa mumewe kwenye huzuni, mume alikuwa na maradhi ya kusononeka mpaka anatembea usingizini.

Halafu nikamwambia ya Orissa. 1866 mzee kawekwa waziri wa Uingereza anayeshughulikia India, ana miaka 36, njaa ikapiga Orissa, washauri wakamwambia usiingilie bei ya chakula, akawasikiliza, ikapita kama miezi miwili hajafanya kitu, wanakadiria watu milioni moja wakafa. Inasemekana jambo hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote na hakuwaamini wataalamu tena. Shangazi akanyamaza, akageuza sambusa, akasema "Lilimkaa rohoni. Haya."

Mchana nikaandika kidogo kuhusu 1890 mana najua kuna watu watauliza. Tarehe 1 Julai 1890 Berlin ulisainiwa mkataba, Waingereza wakawapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland huko bahari ya kaskazini, jiwe dogo tu ambalo unalizunguka kwa miguu, na Wajerumani wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Mwingereza na wakaachia Witu kule pwani ya Kenya. Mrima wa Tanganyika Sultani akalipwa marki milioni nne aachie. Malkia Victoria hakupenda kabisa, alimwandikia Salisbury kwamba ukianza kutoa vyako utaulizwa vingine. Watu wa Heligoland hawakuulizwa, na sisi pia hatukuulizwa. Huyo ndo mzee aliyewahi kusema hadharani kwa mzaha kwamba wazungu walikuwa wanagawana milima na mito na maziwa na tatizo lao lilikuwa moja dogo, hawajui hasa viko wapi. Alikuwa mkweli, sijui hilo ni sifa au nini.

Na hapohapo niitoe ile hadithi ya kwamba Malkia alimpa mjukuu wake Kaiser Mlima Kilimanjaro zawadi ya bethidei. Si kweli. Mstari ule wa mpaka unaokwepa mlima ulikubaliwa mwisho wa 1886, Salisbury ndo kwanza karudi madarakani, na huyo mjukuu akawa Kaiser 1888. Waliogawana ni maafisa, kwa ramani na wino.

Jumamosi, Stamford

Mbali kidogo. King's Cross mpaka Peterborough, unabadilisha treni, unafika kamji ka mawe kazuri sana, kanisa kila kona, mto katikati. Sikuja kwa uzuri lakini. Hapa ndo alikuwa mbunge toka 1853 mpaka 1868.

Nje ya mji liko jumba la Burghley, kubwa linatisha kuliko Hatfield, la tawi lingine la akina Cecil hao hao, watoto wa William Cecil wakagawanyika, mkubwa akabaki huku mdogo akaenda Hatfield. Mwenye jumba hili wakati ule, Marquess wa Exeter, ndiye aliyekuwa anasema Stamford nani awe mbunge. Kijana ana miaka 23 karudi juzi kutoka safari ya kwenda Cape na Australia na New Zealand, hajafanya kazi yoyote, binamu mwenye mji akamwita, akaingia bungeni bila mpinzani. Na uchaguzi uliofata bila mpinzani. Na uliofata. Mpaka anaondoka kwenda Bunge la Malodi, lile la juu lisilochaguliwa, hakuwahi hata mara moja kupambana na mtu kwenye sanduku la kura. Halafu mtu huyohuyo akajiuzulu uwaziri 1867 kwa sababu serikali yake inaongeza idadi ya wanaoruhusiwa kupiga kura! Alikuwa anaogopa kweli, si unafiki, aliamini watu wengi wakipata kura watachukua mali za wachache. Alikuwa na wasiwasi na demokrasia kama paka na maji.

Mdogo wangu kanunua pai ya nyama ameila barabarani. Ndani ya Burghley hatukukaa, michoro ya miungu kwenye kuta mpaka inachosha macho, nimeona inatosha.

Kwenye treni ya kurudi tukahesabu undugunaizesheni yake. Kwetu mtu akimpa mpwa wake ukurugenzi wa shirika la maji gazeti zima linawaka. Salisbury 1887 alimchukua Balfour, mpwa, ambaye watu walimuona kijana legelege wa kusoma falsafa, akamtupa Ireland sehemu ngumu kuliko zote. Kumbe akaweza. Ilipofika 1900 serikali ilikuwa hivi: mpwa Balfour kiongozi wa Bunge la chini na mwenye kile cheo cha Hazina, mdogo wake Gerald Balfour kwenye Biashara, mkwe Selborne aliyemuoa binti yake Maud kapewa jeshi la majini, na mtoto wa kwanza James naibu Mambo ya Nje. Wapinzani wakaiita serikali hiyo Hotel Cecil. Mzee wala hakujitetea sana. Julai 1902 akastaafu, na aliyepewa uwaziri mkuu ni nani, mpwa. Mdogo wangu anasema "Dada hao si wanasiasa hao, hao ni kampuni ya familia."

Na ubaya wa hoja hiyo ni kwamba familia yenyewe ilikuwa na vichwa. Robert, mtoto wa tatu wa kiume, alikuwa mmoja wa wasanifu wa Ushirika wa Mataifa akapewa Nobeli ya Amani 1937. Hugh alikuwa msemaji mkali bungeni, alimsimamia Winston Churchill harusi yake 1908, na mwisho akawa mkuu wa Eton, kulekule baba yake alikokimbia. Gwendolen hakuolewa, alibaki na baba kama katibu wake, na ndiye aliyeandika maisha yake, majuzuu manne. Mimi naona angekuwa mwanamme angepewa wizara.

Jumapili

Kufua, kupiga simu nyumbani, kulala. Mama kauliza kama nimeshaona Malkia, nikamwambia mama Malkia kafariki 2022.

Jumatatu, Bungeni

Siku ya mwisho nimetaka kuona mahali alipokuwa anaongozea. Bunge la Malodi ukipanga foleni unakaguliwa begi unaingia bure jukwaa la wageni, tukapanda juu tukakaa. Viti vyekundu, dhahabu kila mahali, wazee wanajadili kitu cha reli kwa upole mkubwa, mmoja kalala. Salisbury ndiye waziri mkuu wa mwisho kuongoza nchi muda wake wote akiwa humu na si kule kwa waliochaguliwa. Malkia Victoria alitaka kumpa cheo cha Duke akakataa, akasema gharama zake hatoziweza. Mwenye mbuga na jumba la 1611!

Ukoo haujatoka humu mapema. Mjukuu wake, Marquess wa tano, 1945 alipokuwa kiongozi wa Wahafidhina humu ndani alikubaliana na Leba kwamba jambo lililoandikwa kwenye ilani ya chama kilichoshinda, Malodi wasilizuie, na utaratibu huo mpaka leo unaitwa kwa jina la Salisbury. Halafu ikaja ya 1998, hii ndo nimempa mdogo wangu kwa kunong'ona mpaka mlinzi akatutazama. Tony Blair, waziri mkuu wa Leba wakati huo, anataka kuwafukuza malodi wote wa kurithi. Kiongozi wa Wahafidhina humu ndani wakati huo alikuwa Viscount Cranborne, kilembwe wa mzee wetu, yani mtoto wa kitukuu chake, na Cranborne akaenda kimyakimya kuongea na Blair nyuma ya mgongo wa bosi wake William Hague, kiongozi wa chama, wakakubaliana wabaki 92. Hague kujua, akamfukuza kazi. Jamaa akakiri mwenyewe kwamba kajipeleka mbio kama mbwa aliyefunzwa vibaya. Lakini mpango wake haukufa, ukaingia kwenye sheria ya 1999 na wale 92 wakabaki, mamia wakatoka.

"Na yeye alikuwa kwenye hao 92?" mdogo wangu kauliza. Hakuhitaji. Kwa kuwa aliwahi kuwa kiongozi wa Bunge hili la Malodi, mwaka huohuo alipewa cheo kipya cha maisha, akaondokea mlango wa warithi akarudia mlango wa wateule.